Kabla hujalipia multimeta ya bei chee Kariakoo, ijaribu hivi

Nimeamua kuandika hii kwa sababu ya mama mmoja wa Chanika. Mama ana solar yake ndogo, betri ya maji ya volti 12, inveta, taa nne na tv, na kila siku ikifika saa tatu usiku kila kitu kinazima. Nikaenda jioni, nikagusisha multimeta yangu kwenye betri, ikasoma 12.8, nikamwambia mama betri yako iko vizuri imejaa, tatizo ni inveta. Akanunua inveta. Saa tatu usiku, giza. Nikarudi safari hii na fundi mwenzangu, tukapima betri ileile muda uleule, ya kwake inasema 12.0 ya kwangu inasema 12.8, tukahangaika mpaka tukafungua ya kwangu, kumbe kibetri chake cha ndani kimeisha nguvu. Betri ya mama haikuwa imejaa hata siku moja, mwembe wa jirani umekua unaitia paneli kivuli kuanzia saa nane mchana. Hela ya inveta nilimrudishia kidogokidogo mpaka ikaisha.

Wengi hawajui hili: hizi multimeta ndogo za bei chee betri yake ikichoka haizimi, inaendelea kusoma kama kawaida ila inasoma JUU kuliko ukweli. Yani ndani kuna volti ndogo ambayo mita inaitumia kama jiwe la mizani, inalinganisha unachopima na lile jiwe, sasa betri ikiisha jiwe linapungua, na jiwe la kilo likiliwa kila unachoweka upande wa pili kinaonekana kizito. Kialama cha betri kwenye kioo kinaweza kutokea, kikafifia, au kwenye nyingine kisionekane kabisa.

Kwahiyo vijana wanaponiuliza "kaka hii multimeta ya elfu kumi na kitu inafaa kweli au nijichange" siwezi kujibu ndio au hapana kwa kuangalia picha. Mbili zinazofanana kabisa, boksi moja, duka moja, moja inaweza kuwa safi na nyingine ikawa bomu. Inabidi uijaribu hapo dukani kabla hela haijatoka mfukoni, na ujue kabisa unaenda kupimia nini.

Hatua ya kwanza: kazi yako ni ipi

Hili liamue ukiwa bado nyumbani, maana ukishafika Mtaa wa Kongo na ile kelele na watu wanakusukuma utanunua chochote unachopewa.

Kama unapima betri za solar, bodaboda, bajaji, chaja za simu, powabenki, redio, tv upande wa volti ndogo, waya umekatika au haujakatika, basi ile ndogo ya DT830 au kaka yake mkubwa DT9205 inaweza kukufaa vizuri tu ikipita majaribio ya hapa chini. Wengi tumeanzia humo.

Kama unaingia kwenye DB za nyumba (boksi linalogawa umeme wa nyumba), meni swichi, pampu za maji, mashine za kusaga, hapo nakuomba sana usinunue ya bei chee. Sio maringo. Kwenye mita kuna maandishi CAT II, CAT III, CAT IV, ni viwango vya usalama, CAT II ni vitu vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni DB na waya za jengo lenyewe, CAT IV ni kule umeme unakoingilia kutoka nguzoni. Namba inapanda kwa sababu unavyosogea karibu na nguzo ndivyo shoti ikitokea inakuja na nguvu kubwa zaidi. Umeme wetu ni 230 lakini radi ikipiga jirani au mota kubwa ikizimwa, unapita mshtuko wa maelfu ya volti kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mita ya CAT III 600V inatakiwa ihimili mshtuko wa volti 6000 bila kulipuka mkononi mwako. Sasa ile ndogo unakuta imeandikwa CAT III kubwa kabisa na "750V", alafu ndani kuna kifyuzi cha kioo kama cha redio. Maandishi yanachapwa na mtu yeyote. Na kufunga umeme wa majengo kuna leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji), ukishafika kazi za ngazi hiyo mita ya elfu kumi na kitu sio kifaa chako.

Rangi pia isikudanganye. Fluke ni njano na kijivu iliyoiva, kwahiyo nusu ya mita za dunia zimepakwa njano. Mwaka 2014 forodha ya Marekani ilizuia mzigo wa multimeta za kampuni ya SparkFun kwa sababu tu rangi zake zilifanana na za Fluke.

Hatua ya pili: kimfuko cha kwenda nacho

Beba betri ya AA mpya. Betri mpya ya volti 9, lile la mraba lenye vichwa viwili, wanaloweka kwenye maikrofoni za kanisani. Resista nne za asilimia 1 (zina mistari mitano, mara nyingi rangi ya bluu): ohm 100, kilo 1, kilo 10 na mega 1, zinauzwa mojamoja maduka ya spea za redio na hazifiki hata bei ya soda. Dayodi moja 1N4007. Kibisibisi cha nyota. Na kama una rafiki mwenye mita nzuri unayoiamini, muombe muende wote, hiyo ni bora kuliko vyote nilivyotaja.

Ukifika dukani sema mapema na kwa adabu: "Bosi naomba nijaribu hapa kabla sijalipa." Mwenye duka mzuri atakwambia "jaribu kaka, ila ikishatoka hapa hairudi", na hiyo ni haki yake. Dukani balbu tunawashiwa kabla ya kulipa, sioni kwa nini mita isijaribiwe. Akikataa kabisa au akianza kukuharakisha, shukuru uende duka la pili, Kariakoo maduka hayaishi. Nenda asubuhi, mchana na mafoleni yale hakuna mtu atakayekupa dakika kumi za kaunta.

Hatua ya tatu: iangalie kabla hujaiwasha

Anza na waya maana ndio unazoshika. Ziwe nene na laini, sio ngumu kama waya wa kengele. Vuta kidogo pale waya unapoingia kwenye mpini, ukiona unacheza au unateleza weka chini. Ncha ya chuma isicheze, na mpini uwe na ukingo wa kuzuia kidole kisiteleze kwenda kwenye chuma. Waya nyingi za bei chee zimeandikwa 1000V 10A na ndani kuna nyuzi chache kama nywele, ukipitisha ampia 10 kweli zinapata moto. Ila waya sio sababu ya kuiacha mita yenyewe kama mita ni nzuri, unaweza kununua waya bora pembeni.

Zungusha swichi mzunguko mzima mara mbili tatu. Isikie inakaa "tik" kila sehemu, isiwe inaelea katikati. Joto na chumvi ya hewa ya Dar vinakula zile sahani ndogo za ndani, sasa kama mpya tu inalegea, ukikaa nayo Kigamboni au Kawe karibu na bahari miezi sita utakuwa unaigonga mezani ndio isome.

Angalia matundu ya chini. Tundu la 10A kwenye hizi ndogo mara nyingi lina neno UNFUSED, maana yake hakuna fyuzi kabisa, ni kipande cha chuma kinene kinachounganisha moja kwa moja. Ukisahau waya humo alafu ukapima soketi ya ukutani umeunganisha laini na nyutro kwa mkono wako. Hii ndio ajali kubwa ya multimeta na haichagui fundi mzoefu wala mwanafunzi wa VETA. Ikiwa na fyuzi kwenye matundu yote mawili ni alama nzuri sana.

Muulize muuzaji kama unaweza kufungua mgongo, si unaweka betri hata hivyo. Ukifungua tazama fyuzi: ya kioo inafaa kazi ndogo, ya udongo mweupe ndio ya kazi nzito kwa sababu ndani ina mchanga unaozima ule moto wa umeme, ya kioo ikikutana na shoti kubwa inaweza kupasuka na umeme ukaendelea kuruka humohumo. Chipu kwenye hizi ndogo unakuta ni tone jeusi la gundi, usishtuke, ndivyo zinavyotengenezwa na haina maana ni feki. Chipu mama ya aina hii, ICL7106, ipo toka miaka ya 1970 na nakala zake zinasoma vizuri tu. Kinachopunguzwa kwenye bei chee ni ulinzi, yale ya kuzunguka chipu.

Hatua ya nne: majaribio yenyewe

Toa betri iliyokuja nayo, weka ya kwako mpya. Hiyo kwanza, bila hivyo yote yanayofuata ni bure. Iliyokuja nayo imekaa kwenye kontena na stoo hujui muda gani.

Weka ohm 200, gusanisha ncha mbili. Isome kama 0.2 mpaka 0.8 na itulie. Zile ni ohm za waya zenyewe, utakuwa unazitoa kila ukipima kitu kidogo. Sasa huku ncha zimegusana pindapinda waya kwenye mpini na kwenye tundu. Namba ikiruka 0.4, 3.7, 1, 0.5, kuna waya umekatika ndani au tundu halikamati. Rudia kwa waya nyingine za dukani, ikiendelea kuruka tatizo ni mita, rudisha.

Sehemu ya mlio, gusanisha haraka haraka kama unapiga ngoma. Ilie papohapo. Ikichelewa utaona shida siku unatafuta waya uliokatika kwenye fungu la waya thelathini za bajaji. DT830 nyingine hazina mlio kabisa, angalia kama alama ya spika ipo.

Jaribio ninalolipenda mimi kuliko yote linahitaji betri moja ya AA tu. Weka DC volti 2 (DT830 imeandikwa 2000m, itaonesha 1584), pima, tuseme inasoma 1.584. Peleka volti 20, inatakiwa iseme 1.58. Peleka 200, iseme 1.5 au 1.6. Betri ni ileile kwahiyo jibu liwe lilelile, limekatwa mkia tu. Ikisema 1.584 alafu 1.71, resista za ndani zinazogawa volti ni mbovu na hakuna kurekebisha, hiyo mita ndio ingekuja kukudanganya kwa mteja. AA mpya ya alkali inasoma 1.5 na kitu mpaka 1.6, ukiona 1.75 kimbia.

Alafu resista. Weka mega 1 chini kwenye kaunta, usishike ncha zote mbili kwa vidole maana mwili wako nao ni resista hasa mkono ukiwa na jasho, na Dar mkono una jasho muda wote. Kilo 1 ikisoma 0.995 mpaka 1.01 hiyo ni nzuri mno kwa bei yake. Ohm 100 toa ile ya waya. Mega 1 inaruhusiwa kupotea kidogo zaidi ya zingine.

Dayodi: upande mmoja isome kati ya 500 na 700, upande wa pili iseme 1 peke yake pembeni au OL, maana haipitishi. Sekunde tatu imeisha.

Sasa fyuzi. Hapa watu wengi wanaliwa, mita iliwahi kurudishwa na mteja aliyeiunguza fyuzi, ikafutwa vumbi ikarudi kwenye boksi, na volti na ohm zote zinasoma vizuri kwahiyo hujui mpaka siku unataka kupima miliampia. Chukua betri yako ya volti 9 na resista ya kilo 1, unganisha kwa mfuatano na mita ikiwa kwenye 20m ya DC ampia: ncha moja kwenye kichwa kimoja cha betri, kichwa cha pili kinagusa resista, mwisho wa resista unagusa ncha ya pili. Volti 9 kwa kilo 1 ni miliampia 9, isome 9 na kidogo. Ikisema 0.00 fyuzi imekufa au haipo. Usiunganishe betri bila resista, utaiunguza mwenyewe na utalipa. (Kama umeweka betri yako ndani ya mita, omba ile iliyokuja nayo uitumie kwa hili, ikisoma 8 na kitu poa.)

Moja la mwisho la betri, na hili sijaona wengi wanalifanya. Weka AC 200, pima betri ya volti 9, alafu geuza ncha. Betri ni DC kwahiyo upande wa AC unatakiwa useme sifuri pande zote mbili. DT830 nyingi utakuta upande mmoja zinasema sifuri na ukigeuza zinasema 18 au 20, mara mbili ya betri yenyewe. Sio kwamba imeharibika, zimeundwa hivyo, dayodi moja bila kapasita ya kuzuia DC. Ila sasa unajua: ukiikuta AC na DC zimechanganyika isikudanganye. Na AC ndogo kama ya transfoma ya volti 6 usiiamini hata kidogo kwenye mita hizi, AC yao inaanzia 200.

Kama dukani pana soketi na waya zimekaa matundu ya COM na V, sio 10A, angalia mara mbili kwa macho, weka swichi 750 ya AC, muombe muuzaji, pima, 220 mpaka 240 ni sawa, linganisha na mita ya rafiki.

Hatua ya tano: kusoma asilimia kwenye karatasi ya ndani

Karatasi itasema kitu kama ±0.5% na tarakimu 2. Watu wanaruka hapa na ndipo penyewe. Ukiwa kwenye volti 20 na betri ya solar inasoma 12.60, nusu asilimia ya hiyo ni 0.06, ongeza tarakimu mbili za mwisho yani 0.02, ukweli uko kati ya 12.52 na 12.68. Kwa betri ya maji iliyopumzika bila chaji wala mzigo, 12.6 na kitu imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, kwahiyo kosa la 0.08 halikuharibii kazi, bado unajua imejaa au haijajaa. Simu nayo betri yake ikijaa ni 4.2 au zaidi kidogo kwa nyingi za sasa, utaona kama 4.20 ukiwa kwenye 20, inatosha. Lakini AC utakuta ±1.2% na tarakimu 10, kwenye 230 hiyo ni karibu volti 13 juu au chini, na ndio maana usigombane na mtu kuhusu umeme mdogo mtaani kwenu kwa kutumia mita hii.

Wenye inveta mnisikilize. Inveta za bei nafuu mawimbi yake ni ya ngazi ngazi, hayajaviringa kama ya Tanesco, na mita isiyoandikwa True RMS inahesabu kwa wastani ikidhani mawimbi yameviringa. Inveta nzima ya 230 inaweza kukuonesha mia na themanini na kitu. Inveta ngapi nzima zimefunguliwa kwa sababu hiyo. Kama kazi yako kubwa ni inveta, jichange ununue True RMS ya kati kama za UNI-T au ANENG, nazo zipite majaribio yaleyale, na ANENG za volti 600 bado sizipeleki kwenye DB.

Unaichukua au huichukui

Mimi kanuni yangu: ikifeli jaribio la betri moja kwenye DC tatu, au namba kuruka, siichukui hata nikipewa bure. Fyuzi imekufa lakini kila kitu kingine safi, nashusha bei nachukua, fyuzi ni kitu kidogo. Waya mbovu, nashusha bei. Kosa la AC na betri, nachukua kama ni ya DC tu. Muuzaji akikuletea tatu zijaribu zote tatu, chukua iliyokubaliana na resista zako.

Na kama umeshakuwa nayo ya bei chee na siku moja lazima uhakikishe waya wa nyumbani hauna umeme kabla hujaugusa, basi pima kwanza soketi unayojua ina umeme uone inasoma, pima ule waya, rudi tena kwenye soketi uone bado inasoma. Mara tatu. Mita inaweza kufa katikati na ikakwambia sifuri.

Ukifika nyumbani bandika kipande cha plasta nyeupe mgongoni. Andika tarehe uliyoweka betri, andika AA mpya ilisoma ngapi siku hiyo na kilo 1 ilisoma ngapi, ile resista ifunge humohumo kwenye mfuko wa waya. Kila mwezi ipime tena ile resista, na kabla ya kazi ya mteja pima AA ambayo haijatumika. Ikianza kupanda kutoka 1.58 kwenda 1.65 usipokee kazi yoyote, badilisha betri ya ndani kwanza. Na izime ukimaliza maana nyingi hazijizimi zenyewe, ukiiweka miezi bila kazi toa betri kabisa, ikivuja ile chumvi yake inakula mpaka njia za kwenye bodi. Ya kwangu ya sasa plasta imeshaandikwa tarehe nne tofauti.